Saa tatu ya nani? Shajara ya modeli ya Mto Zigi

Januari 12

Naanza kuandika leo kwa sababu nshaijua tabia yangu, nisipoandika mwezi wa tatu utafika sikumbuki kwanini nilibadilisha kitu fulani, na huo ndo ugonjwa wenyewe tunaotaka kuutibu. Kwa kifupi tuna modeli ya kompyuta ya Mto Zigi, yaani programu unailisha mvua na joto, yenyewe inakukadiria maji kiasi gani yatapita mtoni na saa ngapi. Zigi unatoka huko Amani, Usambara Mashariki, unapokea Kihuhwi, unajaza bwawa la Mabayani, na maji ya bomba ya Tanga mjini yanatoka hapo. Sio mto wa kuchezea. Hii chai ninayokunywa sa hivi hapa Chumbageni ni Zigi iliyotiwa tangawizi.

Modeli aliitengeneza jamaa tuliyekuwa nae, akapata kazi mkoa mwingine, akaondoka na laptopu yake na akili yake, sisi tukaachiwa flashi. Kwenye flashi kuna folda nne: MODELI, MODELI_mpya, MODELI_mpya_SAHIHI, na ya mwisho inaitwa USIFUTE. Maelezo hamna hata mstari. Nikampigia, akacheka, akasema "kaka hiyo USIFUTE ndo yenyewe, ila na zile zingine usizifute."

Tunachotaka: mtu yeyote, awe mimi, awe mwenzangu aliyeko Muheza, au mtu wa jumuiya ya watumia maji ambae hajawahi kuandika programu maishani mwake, afungue folda moja, abonyeze sehemu moja, apate jibu lile lile. Lile lile mpaka kwenye desimali, sio "yanakaribiana".

Januari 14

Nimeifungua USIFUTE. Ndani ni GR4H, ndugu yake GR4J ya Wafaransa, tofauti GR4J inahesabu kwa siku hii inahesabu kwa saa. Zigi ni mto mfupi, mvua ikipiga milimani usiku asubuhi maji mekundu yako chini, ukihesabu kwa siku nzima nzima unakuwa umelala wakati mafuriko yanapita, kwahiyo hapo jamaa alichagua vizuri simlaumu.

Uzuri wa hii modeli ni kwamba ina namba nne tu za kuseti. Fikiria matangi mawili ya plastiki kama ya nyumbani: X1 ni ukubwa wa tangi la kwanza, ndo udongo. X3 ni tangi la pili, linaloachia maji mtoni polepole. X2 ni maji yanayopotelea chini ya ardhi au kuongezeka kutoka huko. X4 ni muda mvua inachukua mpaka iwe mafuriko pale unapopimia. Basi. Namba nne. Kuna modeli zingine zina namba hamsini na mtu akikwambia amezielewa zote muogope.

Kodi (ya kompyuta jamani, sio ile ya mapato) iko kwenye R, lugha ya programu, skripti tatu. Ya kwanza inatafuta faili kwenye D: ndani ya folda ya mtu ambae hayupo Tanga. Ya pili inaita skripti ya nne. Skripti ya nne haipo.

Januari 15

Ya nne ameituma kwa WhatsApp. Ameituma kama picha ya skrini. Nimeichapa upya kwa mkono, mistari 62, nikakosea mahali pawili.

Januari 19

Nilikuwa najiona mimi ndo fukara wa peke yangu kumbe wenzetu wa mbele nao wako hivi hivi. Mwaka 2019 James Stagge na wenzake wa chuo cha Utah State, Marekani, walitoa utafiti, walichukua makala 360 kati ya 1,989 za majarida sita ya maji ya mwaka 2017, wakajaribu kuyarudia majibu yaliyomo kwa kutumia data na programu zilizotolewa na waandishi wenyewe. Makadirio yao: kwenye zile 1,989 zote, zinazoweza kurudiwa ni kati ya asilimia 0.6 na 6.8. Soma tena. Sio kwamba waliobaki wamedanganya, hapana, ni kwamba data haipo, au skripti haipo, au vyote vipo ila hamna anaejua uanze wapi. Yaani dunia nzima iko kwenye folda ya USIFUTE.

Waholanzi nao wana kitu kinaitwa eWaterCycle, wanachukua modeli za watu tofauti wanaziweka kila moja kwenye kontena lake, unaziendesha zote kwa mtindo mmoja bila kujali aliyeandika alipenda lugha gani. Sisi hatuna seva za chuo chao cha Delft ila wazo la kontena nimelipenda, narudi kwake huko mbele.

Januari 26

Leo siku nzima imeliwa na nukta moja kwenye ramani. Ili kompyuta ijue eneo lote linaloleta maji kwenye geji (pale kina cha mto kinapopimwa), eneo linaloitwa kidakio, unaipa ramani ya miinuko halafu unaionyesha nukta ya geji ilipo, yenyewe inapanda kufuata miteremko. Ramani ya miinuko ni ile iliyopigwa na chombo cha Endeavour Februari 2000, siku 11 angani, vipande vya mita 30. Nikaweka nukta, nikapata kidakio kikubwa kama shamba la machungwa la mtu mmoja pale Muheza. Nikarudia. Shamba la machungwa.

Nukta ilikuwa imekaa kilimani, nje ya mto kama mita 300. Mtu wa ramani yeyote Tanzania atakuwa ashacheka mpaka hapa. Ramani zetu za zamani zinatumia mfumo wa namba za mahali unaoitwa Arc 1960, GPS inatumia WGS84, ukichukua namba za huku ukazisoma kama za kule unahama mita mia tatu hivi. Vipande kumi vya ramani. Namba zilikuwa sahihi kabisa, ila hamna mahali palipoandikwa ni za mfumo gani. Sasa nimeandika ndani ya faili lenyewe, mstari wa kwanza, herufi kubwa.

(Halafu ile rada ya Endeavour kwenye msitu mnene kama wa Amani inaona vichwa vya miti, haioni ardhi. Kwa kazi yetu haijaharibu kitu kikubwa ila ukichora mabonde madogo ya huko juu uwe macho.)

Februari 2

Sasa tumefika kwenye lenyewe. Skripti zimesafishwa, folda moja, hamna D: tena. Nimeiweka kwenye flashi, mwenzangu akaenda nayo kwake Muheza akaiendesha. Mimi huku nikaiendesha. Data zile zile, nimehakikisha, kila faili nimeitolea alama ya kidole, yaani ile namba ndefu ambayo ukibadilisha hata nukta moja ndani ya faili inabadilika yote. Zinafanana.

Majibu hayafanani.

Tunapima kwa kipimo cha Nash na Sutcliffe cha mwaka 1970, 1 maana yake modeli imegonga mulemule, 0 maana yake bora ungetumia wastani tu ukaenda kulala. Yangu inaanza na 0.4. Yake inaanza na 0.5. Akanipigia anajigamba eti laptopu yake ina akili kuliko yangu. Ya kwake ni mtumba kutoka Uingereza, ina stika ya shule ya watoto kwenye mfuniko.

Februari 3

Umeme hamna tangu saa nne. Nimeenda kukaa Raskazone na mihogo.

Februari 5

Nimepima kila kitu ninachokijua. Toleo la R: tofauti, tukalinganisha, majibu bado tofauti. Toleo la airGR, ile pakeji yenye modeli: tofauti, tukalinganisha, bado. Nikadhani labda kwenye kukalibreti, yaani kompyuta kutafuta zile namba nne zinazofanya modeli ifanane na mto, kuna bahati nasibu, kuna njia zingine zinaanza kutafuta kutoka sehemu yoyote hivyo kila ukiendesha unapata namba yako, lakini hii inatumia njia ya Michel, inapita kwenye gridi halafu inashuka hatua kwa hatua, haina kamari. Ukiiendesha mara kumi kwenye laptopu moja unapata jibu moja mara kumi. Nimejaribu. Mara kumi.

Kwahiyo laptopu mbili, kila moja na msimamo wake, na kila moja haiyumbi. Hapo ndo nilipoacha kuangalia alama nikaanza kuangalia zile namba nne zenyewe, kitu ambacho ningefanya tangu mwanzo.

X1, X2, X3 zinatofautiana kidogo. X4 zote mbili ni 0.5.

Sasa 0.5 ndo sakafu. airGR hairuhusu X4 kushuka chini ya hapo. Ukiona namba imeganda kwenye sakafu ujue inataka kwenda chini zaidi imezuiliwa. Na X4 ni muda wa mvua kuwa mafuriko, kwahiyo modeli inaniambia mvua ikinyesha maji yanafika kwenye geji hapo hapo, na kama ningeiruhusu ingesema yanafika kabla.

Nikachora mvua na mto kwenye karatasi moja. Ni kweli. Kwenye data zetu mafuriko ya Zigi yanatangulia mvua.

Februari 9

Mvua ni ya setelaiti, IMERG ya NASA, kila nusu saa, miraba ya kama kilomita 11, nimeihakikisha iko sawa. Kilichobaki ni daftari la geji. Geji yenyewe sio mashine, ni ule ubao wenye sentimita uliosimikwa mtoni, kuna mzee anausoma kila siku anaandika. Kesho naenda.

Februari 10

Stendi ya Kange saa 12 na nusu, Muheza nikamchukua mwenzangu, tukapanda bodaboda njia ya Amani. Mzee tumemkuta anapalilia, shikamoo, marahaba, tukakalishwa, tukaletewa machungwa kwanza, maana hamna habari ya geji kabla ya machungwa.

Daftari lake ni zuri kuliko kitu chochote kwenye ile flashi. Mistari imenyooka, wino mmoja, kila ukurasa tarehe juu. Nikasoma mstari: "saa 3 asubuhi, 0.84." Chini yake "saa 11 jioni, 0.81."

Nikafungua faili kwenye laptopu, tarehe ile ile. 3:00, 0.84. 11:00, 0.81.

Nilikaa kimya kama dakika nzima. Mwenzangu akasema "astaghfirullah."

Mzee anaandika saa tatu kama watu wote wa hapa wanavyosema saa tatu, jua limeshatoka, watoto wako darasani. Aliyechapa kwenye Excel akaweka 3:00, neno "asubuhi" akaliacha maana safu yenyewe ni ya namba tu. Kompyuta ikaona 3:00, kwake hiyo ni saa tisa usiku watu wamelala. Masaa sita yamepotea, kila siku, miaka yote, na hamna aliyekosea! Mzee hakukosea. Mchapaji alichapa anachokiona. Kompyuta ilisoma ilichopewa.

Ikawa mbaya zaidi. Nikamuuliza, Mzee ukiwa na mafuriko unasoma mara ngapi? "Mto ukipanda silali mwanangu, nashuka na tochi." Akafungua ukurasa wa mafuriko ya vuli moja: saa 3 asubuhi, saa 11 jioni, saa 4 usiku, saa 8 usiku. Zote tarehe moja. Nikauliza, hii saa nane ya usiku si ishakuwa kesho? Akaniangalia kwa huruma. "Kesho inaanza nikishasoma ya saa tatu. Ukurasa naufunga asubuhi."

Na yuko sawa, mvua nayo inapimwa hivyo hivyo, siku ya kipima mvua ni asubuhi mpaka asubuhi. Ila kwenye faili, saa 4 usiku imekuwa 4:00 ya tarehe ile ile, na saa 8 usiku imekuwa 8:00. Halafu mtu akapanga kwa mfuatano. Kwahiyo kilele cha mafuriko cha usiku wa manane kimekaa katikati ya asubuhi na jioni ya siku iliyotangulia, kama kijiti kimechomekwa. Vipimo vya mchana vimerudi nyuma masaa 6, vya usiku vimerudi nyuma masaa 18. Ndo maana maji yanafika kabla ya mvua.

Nikamuuliza la mwisho, mvua ikipiga Amani maji yanachukua muda gani kufika hapa. Hakufikiria hata: "Ikipiga baada ya isha, alfajiri nakuta geji imepanda."

Hiyo ndo X4. Imekaa kijijini miaka yote inakula machungwa.

Februari 11

Bado lile swali la laptopu mbili. Usiku nimelipata, na hili ni la kuchekesha.

Skripti inasoma "3:00" bila kuambiwa ni 3:00 ya wapi. R ikikuta hivyo inachukua majira ya mashine yenyewe. Laptopu yangu iko majira ya Dar es Salaam, ikachukua saa 9 usiku ya hapa, ikageuza kwenda UTC, saa ya pamoja ya dunia, ambayo mvua ya setelaiti inatumia, ikapata 00:00. Kweli yenyewe, saa 3 asubuhi ya Mzee, ni 06:00 UTC. Kosa masaa sita.

Laptopu ya mwenzangu bado iko London. Saa inayoonekana pale pembeni ni sahihi kwa sababu alisogeza mishale kwa mkono siku aliyoinunua, lakini majira hakubadilisha. Kwahiyo 3:00 ikawa ya London, na London karibu vuli yetu yote ni sawa na UTC, kosa masaa matatu tu. Ndo akili yake ile aliyokuwa anajigamba nayo! Imekosea nusu yangu. Halafu mwisho wa mwezi wa tatu Waingereza wanasogeza saa zao mbele, kwahiyo data za Aprili na Mei, masika yenyewe, kwake zina kosa la masaa manne. Vuli tatu, masika manne. Mto wa Muheza unafuata kiangazi cha Uingereza.

Nimempigia saa sita usiku kumwambia. Saa sita ya kwetu.

Februari 16

Kujumlisha sita haitoshi maana faili halijui ipi mchana ipi usiku. Hakuna njia ya mkato, tumepiga picha daftari zote, kurasa kwa kurasa, na tunachapa upya. Safu sasa ni tano: tarehe ya ukurasa, saa kama alivyoandika Mzee, sehemu ya siku kama alivyoandika Mzee, kina, na jina la picha ya ukurasa. Hatugeuzi chochote kwa mkono. Kugeuza kunafanywa na skripti moja fupi ambayo kila mtu anaweza kuisoma akaibishia.

Na tumebishana kweli. Saa 10 ile ambayo kwa kompyuta ni 4:00, kabla hakujakucha, ni saa 10 usiku au saa 10 alfajiri? Mzee ana kurasa ameandika hivi na kurasa ameandika vile. Tumekubali zote mbili. Saa 12 bila neno lolote? Hiyo skripti inakataa, inasimama, inakwambia nenda kaangalie picha. Mwenzangu alitaka ikisie. Nimekataa katakata.

Februari 23

Jingine kutoka kwenye picha. Kuna siku kwenye daftari kuna kistari tu, hamna namba. Siku hizo Mzee alikuwa anaumwa au amesafiri msiba. Kwenye faili la zamani kistari kilichapwa 0. Kwahiyo kwa modeli, Zigi ilikauka kabisa siku nne katikati ya masika halafu ikarudi kana kwamba hamna kilichotokea. Na modeli maskini ilikuwa inajipinda kuyaeleza hayo, X2 ilikuwa imeshuka sana, yaani inamwaga maji chini ya ardhi ili ikaribie zile sifuri za uongo. Namba nne zilikuwa zinabeba uongo wetu na bado tunapata alama inayoanza na 0.4, ndo ujue alama peke yake haikwambii kitu.

Sasa kistari ni kistari, siku hiyo hatulinganishi.

Machi 1

Tumeendesha upya. X4 imetoka sakafuni. Imepanda ikatulia kwenye masaa ambayo ukihesabu kutoka isha unafika alfajiri. Nimempigia Mzee kumwambia kompyuta imekubaliana nae, akasema alhamdulillah, akauliza kama kompyuta inaweza kumletea betri za tochi.

Machi 7

Kontena. Kwa wasiojua: badala ya kumwambia mtu "sakinisha R toleo hili, halafu pakeji hii, halafu ile", unafunga vyote kwenye boksi moja, R yake, pakeji zake, data, mpaka majira ya saa, yeye analipokea limefungwa na kulifungua. Docker ndo inayotumika zaidi, ipo tangu 2013. Hapa Tanga ukisema umepata kontena watu wanauliza lina nini na limetoka bandarini lini.

Tatizo ni uzito. Zaidi ya giga moja, na bando tunalijua wenyewe. Nimelishusha mara moja kwa bando la usiku, nikalitoa kama faili nikaliweka kwenye flashi, flashi imeenda Muheza kwa daladala. Shilingi chache, kasi nzuri tu.

Kwenye laptopu ya dada wa jumuiya ya watumia maji haikukubali. Ni ya zamani, kumbukumbu ndogo, inahema kama baiskeli inapanda mlima. Tulihangaika nusu siku. Mwisho tumekubaliana kontena likae kwenye mashine moja, hiyo ya Muheza, inawasha hotspoti, wengine wanafungua ukurasa kwenye simu zao, intaneti haihitajiki. Sio mtindo ulioandikwa kwenye vitabu ila unafanya kazi.

Machi 12

Kumkalisha mtu mbele ya ukurasa na kunyamaza ni adhabu. Nilimwambia yule dada, tumia, mimi sisemi. Ukurasa wa kwanza niliutengeneza mimi nikauona mzuri, una namba nne, una grafu tatu, una kitufe cha kukalibreti. Akaangalia. Akashusha chini. Akapandisha. Akaniuliza, "kaka hii inaniambia maji yatajaa au hayajai?"

Nimefuta karibu kila kitu. Sasa kuna kuchagua tarehe, kitufe kimoja, na grafu moja ya kina cha maji kwenye geji kwa mita, sio mita za ujazo kwa sekunde, maana hakuna mtu kule mtoni anaeongea mita za ujazo, wanaongea "imefika kwenye alama ya mbili". Chini kabisa kuna maandishi madogo: toleo la modeli, alama za kidole za faili, na kama mvua ni ile ya haraka ya NASA inayotoka baada ya masaa au ile ya mwisho inayokuja baada ya miezi zaidi ya mitatu. Hizo mbili hazifanani na usipoandika ni ipi umetumia, baadae utabishana na mwenyewe.

Na saa zimeandikwa kwa Kiswahili. Ndani ya mashine kila kitu ni UTC, hamna mjadala, ila kwenye skrini inasoma "saa 11 alfajiri". Hilo dada hakulisifia wala hakulisema, alilisoma tu akapita.

Machi 20

Masika yanataka kuanza, mawingu yamekaa upande wa Amani tangu juzi. Mzee ametuma picha ya ukurasa kwa WhatsApp ya mjukuu wake. Ameongeza safu ya sehemu ya siku mwenyewe kwa rula, juu ameandika "A/M/J/U". Hatukumwambia.

Machi 31

Ile laptopu ya mtumba tumeamua tusiibadilishe majira, ibaki London makusudi, ndo mashine yetu ya kujaribia. Wikiendi hii Uingereza wamesogeza saa zao mbele, na mwenzangu alikuwa na wasiwasi kitu kitaharibika. Nikamwambia haihusiani na saa ya leo, inahusiana na tarehe za kwenye data, hakunielewa, nikamwambia basi endesha.

Ameendesha kule Muheza, mimi hapa Chumbageni, na mashine ya kukodi ya kafe moja ya intaneti ambayo haina hata R, ina kontena tu kutoka kwenye flashi. Tukasomeana kwenye simu tarakimu moja moja, yeye anasoma mimi nafuata kwa kidole, kumi na mbili baada ya nukta. Hakuna iliyopishana. Afu simu ikakata maana mvua ilikuwa imeshaanza kule kwake, nikaangalia saa kwa mazoea. Saa mbili na robo usiku.